Masika ya Vigoda

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimeanza kuandika. Ni agizo la mwanangu. Chama cha wanawake cha taifa kinatimiza miaka arobaini mwisho wa Mei, na yeye, mwanasheria wao, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuandika historia yake. Anasema akifungua kabati la ofisi anakuta picha zisizo na majina na vikombe vilivyovunjika masikio. "Waliofanya kazi hawakupata nafasi ya kuandika, Mama. Safari hii kila aliye karibu na Chama aandike masika yake, aliyoyaona kwa macho."

Basi naandika. Darasa la saba nililimaliza, na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima. Si kujisifu.

Kwa atakayesoma: mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kona ya barabara ya soko, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi, nashona sare za shule na kukunja pindo za suruali. Nimezaa watatu, wote wazuri, lakini aliyenipa jina ni huyu wa mwisho. Mtaa mzima wananiita Mama Wakili. Sikumlazimisha mtu. Nilianza kujiita mwenyewe, wakazoea.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Paa la kibanda linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefika ofisi ya Chama kwa mara ya kwanza, kupeleka mapazia niliyowashonea kwa ajili ya sherehe. Nilidhani nitakuta zulia na viti vya kuzunguka. Nimekuta ukuta wenye unyevu, benchi limejaa wanawake wanaosubiri, birika linachemka juu ya kabati la majalada, na simu haikai kimya. Mwanangu alikuwa ndani anamsikiliza mama mmoja anayelia. Hakuinuka. Alininyoshea kidole kimoja, maana yake ngoja. Nikaona fahari hata kwa hicho kidole.

Ukutani, badala ya picha za wakubwa, wametundika vigoda. Vigoda hivi hivi vya kukalia jikoni, vya miguu mitatu, vimening'inia kwenye misumari. Chini yake ameketi bibi kizee mwembamba, mkunga mstaafu, mmoja wa walioanzisha Chama. Wote wanamwita Bibi Kigoda.

Nikamwamkia, nikamwambia, "Mimi ndiye mama yake Wakili."

"Najua. Umesema mlangoni, ukasema kwenye ngazi, sasa unaniambia mimi."

"Mwenye chake asipokisifu, Bibi, nani atakisifu?"

Akanitazama kama anayepima homa. "Na wewe mwenyewe unafanya nini, ukiacha kuzaa?"

Mbele za watu! Nikamwambia nimeshona hayo mapazia. Akayashika, akageuza upande wa ndani, akatazama mshono. "Mshono mzuri," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Bado nimekasirika.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika mengi kuhusu bibi yule na sijaandika la jirani yangu. Niandike sasa, maana ndilo linaloninyima raha.

Nyuma ya nyumba yetu anaishi Mama Pacha. Mumewe alikuwa seremala, na kabla ya masika alifariki kwa ugonjwa wa figo. Kigoda ninachokalia kwenye cherehani alikichonga yeye, na hakijawahi kuyumba. Amemwachia mke vyumba viwili, karakana ndogo uani, na mabinti pacha ambao bado wanagombania upande wa kitanda. Ile nyumba niliiona ikisimama. Mume alipiga misumari, mke akabeba mchanga kichwani, mimba ya pacha ikiwa inamtangulia mlangoni.

Leo shemeji yake, kaka wa marehemu, amekuja kumwambia ahame. Mtaani tumembandika jina Bwana Mwavuli, kwa sababu mvua inyeshe isinyeshe hatembei bila mwavuli wake mweusi, anauelekezea vitu kama mwenye shamba. Ameuelekezea paa, ameuelekezea karakana, akasema, "Hii ni nyumba ya ukoo. Wewe shemeji ulikuwa mgeni wa ndugu yangu, na mwenyeji keshaondoka."

Nimempeleka Mama Pacha kwa mwanangu jioni hii hii. Mwanangu amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, sheria iko upande wako. Nyumba ya ndoa ni yako na watoto. Nipe muda tu nikusanye ushahidi."

Mnamwona mwanangu?

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imetufungia ndani, nashona, mwanangu ananisomea aliyoyaandika. Nimesimamisha cherehani mara nyingi.

Kumbe Chama kilianzia chumba cha nyuma cha zahanati, kwenye stoo ya mashuka. Zamani hizo muuguzi akishika mimba alifukuzwa kazi. Hebu fikiri, anayezalisha wenzake hana ruhusa ya kuzaa! Wauguzi na wakunga wachache wakaanza kukutana mle ndani, wakijifanya wanakunja mashuka. Waliandamana kwa sare zao nyeupe mpaka likizo ya uzazi ikapatikana. Wakahamia benki, ambako mwanamke hakufungua akaunti bila sahihi ya mumewe. Walikwenda siku moja wote pamoja, wakapanga foleni, kila mmoja akikataliwa anarudi mwisho wa foleni kuanza upya. Meneja akafunga benki mapema. Kesho yake wakarudi.

Kisha mirathi. Mswada wa kumlinda mjane uliposomwa bungeni mara ya kwanza, wabunge walicheka. Mara ya pili walipiga miayo. Mara ya tatu wakapiga kura, ukapita.

"Na kabla ya sheria, wajane walikuwa wanafanyaje?" nikauliza.

"Hapo ndipo vigoda vilipofanya kazi." Akasema wakisikia mjane anafukuzwa, kila mwanachama alichukua kigoda chake na kazi ya mikono, mboga za kuchambua, nguo za kutia viraka, wakaenda kuketi ndani ya nyumba yake. Hawakutukana, hawakupigana. Waliketi tu. Ndugu wa marehemu wakija na vishindo vyao wanakuta uwanja umejaa akina mama wanawaamkia kwa adabu. Nyumba yenye watu haibomolewi. "Mama, Bibi Kigoda aliketi hivyo nchi nzima. Hata jela alilala kwa ajili ya kuketi."

Nikamaliza kola.

"Siku hizi hatuketi tena," mwanangu akasema. "Tuna mahakama."

Jumatano, 9 Aprili

Jua nusu saa. Nimeanika, nimeanua.

Jumapili, 27 Aprili

Ushahidi umetimia. Cheti cha ndoa kimepatikana, mashahidi wameandikisha maelezo, mimi mmojawapo, nilieleza juu ya ule mchanga. Hakimu yuko safarini, anarudi Jumatatu ya tarehe tano. Siku hiyo mwanangu ataomba zuio, yaani amri ya mahakama kwamba asiguse mtu nyumba ile mpaka kesi iishe.

Tulikuwa mezani, yeye, mimi, na baba yake. Akanikazia macho. "Mama, hili libaki hapa. Akijua kabla ya Jumatatu, ataezua paa na kuuza kiwanja. Nitakwenda mahakamani kuombea ulinzi kifusi."

"Mimi? Mimi kaburi."

Mume wangu, fundi redio, mtu wa maneno machache, akakohoa ndani ya kikombe.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nimemkata mtu kilimilimi!

Bwana Mwavuli amekuja kibandani na suruali yake ya kijivu, anataka pindo. Amekuja kunichokoza tu, mafundi wamejaa mjini. Akasimama chini ya paa langu, mwavuli bado umefunguliwa, maji yake yanamwagikia sare zangu.

"Mama Wakili, naona binti yako anamzungusha shemeji yangu. Anakusanya makaratasi. Hivyo vyama vyenu vina kazi gani zaidi ya kunywa chai na kupiga picha?"

Nikapima mguu wake, nikatia alama ya chaki. Nikanyamaza. Chaki ni shahidi wangu kwamba nilinyamaza.

"Binti mwenyewe mdogo," akaendelea. "Angetafuta mume kwanza, ndio ajue mambo ya nyumba za watu."

Hapo nikasimama. "Huyo mdogo," nikamwambia, "Jumatatu asubuhi atasimama mbele ya hakimu, na ikifika saa sita hutagusa hata msumari wa nyumba ile. Huo mwavuli wako utauelekezea mawingu!"

Mngeuona uso wake. Umeshuka kama pazia lililokatika kamba. Kaondoka bila kuaga, suruali kaiacha. Nimeshona mchana kutwa naimba.

Jumamosi, 3 Mei

Wanaezua. Naenda.

Jumanne, 6 Mei

Sasa nimekaa. Miguu imevimba, sauti imekauka, lakini mkono unaandika.

Jumamosi asubuhi nilisikia nyundo. Mvua ilikuwa rasharasha. Nikatoka uani, nikaona ngazi imeegemezwa kwa Mama Pacha, vijana wa kazi wako juu, bati la kwanza limeshang'olewa. Bwana Mwavuli yuko chini anaelekeza kwa mwavuli. Mama Pacha amesimama mlangoni, pacha wamemshika sketi kila mmoja upande wake, maji yanaingia kitandani.

Nikamwita mwanangu. Alikuja mbio na kandambili za kuogea. Alipoona paa hakumtazama Bwana Mwavuli, alinitazama mimi.

"Mama, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifumba macho kidogo, akasema, "Nakwenda polisi, kisha nyumbani kwa msajili wa mahakama. Lakini Jumatatu ni mbali." Akaondoka kwenye mvua vile vile. Polisi walimwambia alete amri kwanza.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilisimama kwenye matope nikajiona kama kitambaa kilichokatwa vibaya, ambacho hata ukikigeuza hakitoi nguo. Mdomo wangu, huu ninaoulea kwa sifa, umeezua nyumba ya jirani.

Ndipo nikakumbuka ile habari ya vigoda. Sikuwa na mpango, sitawadanganya. Nilikwenda kibandani, nikabeba kigoda changu na ile suruali ya kijivu, sindano na uzi. Nikapita chini ya ngazi, nikaingia ndani kwa Mama Pacha, nikaketi katikati ya chumba, pale pale bati lilipotoka. Mvua ikaniteremkia utosini. Nikaanza kukunja pindo.

"Toka humo wewe mama!" Bwana Mwavuli akapiga kelele.

"Nashona suruali yako, baba. Uliiacha."

Juu vijana wakasita. Bati likiponyoka linashukia kichwa cha mtu, na kesi ya kichwa si kesi ya kiwanja. Mama Pacha akatazama kidogo, akaenda jikoni, akarudi na kigoda chake. Tukawa wawili.

Mwanangu lazima alipiga simu ofisini, maana kabla ya adhuhuri gari dogo lilisimama barabarani, na aliyeshuka wa kwanza ni Bibi Kigoda, kigoda kikwapani, bakuli la maharage ya kuchambua mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani atasema: mdomo wako umekupa kazi. Akaweka kigoda chake kando ya changu, akaketi polepole, mifupa ikalia.

"Sogea," akasema. "Umekaa penye mvua yote peke yako. Uchoyo huo."

Nikacheka huku nalia. Nikamwambia yote, nilivyojisifu mbele ya mtu yule, kila neno.

"Wenzangu waliolala jela nami, niliwatia mimi," akajibu, bila kuinua macho kwenye maharage. "Nilitangaza kikao sokoni kwa mbwembwe, askari wakatutangulia. Mdomo mkubwa si kasoro, mwanangu. Inategemea unauelekeza wapi. Hebu toka mlangoni uwaite majirani."

Basi hapo ndipo palipohitaji mtu kama mimi! Nilisimama mlangoni nikaita mtaa mzima, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao. Wakaja. Muuza mboga akaja na mboga zake, mwalimu na madaftari ya kusahihisha, msusi na mteja wake kichwa nusu kimesukwa. Wengine wameketi kwenye ndoo. Chumba kikajaa, ukumbi ukajaa, tukamwagikia uani.

Kijana mmoja alikuwa bado juu ya paa, mkaidi, nyundo mkononi. Muuza mboga akainua uso akamtazama kupitia tundu la bati.

"Hujambo, mkwe?"

Kijana akaganda. "Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Mke wako hajambo? Endelea tu na kazi, baba. Niezue."

Hajawahi kushuka ngazi mtu kwa adabu namna ile. Alishuka, akasalimia wote kwa kuzunguka, akaondoka na ngazi yake. Wenzake, walioshuka mapema, wakaruka ukuta wa ua kumfuata. Tulicheka mpaka msusi akapoteza mstari.

Bwana Mwavuli alitishia, akaahidi kurudi na watu wengine, na Jumapili kweli alirudi nao. Walikuta tumeongezeka. Waliamkiwa, wakaitika, wakasimama wasijue pa kuweka mikono. Mume wangu alileta turubai la dukani kwake, akalifunga juu ya tundu bila neno, kisha akaketi kwenye tofali karibu yangu. "Leo mdomo umefanya kazi," akasema. Kwa mtu yule hiyo ni hotuba.

Usiku sina la kuandika ila mbu. Tulipokezana.

Na tukiwa tumeketi, Bibi Kigoda alisimulia. Nilimwuliza mbona ofisi imejaa majalada na bado ameingia matopeni, si sheria imeshapita? Akasema, "Sheria haina miguu, mwanangu. Ilipopita nililia kwa furaha, nikatundika vigoda ukutani. Nilitundika mapema. Sheria anaibeba mtu. Binti yako anaibeba mahakamani, sisi tunamshikia mlango asije akakuta kifusi."

Jumatatu mwanangu alisimama mbele ya hakimu. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeketi. Nimezaliwa kuona siku ile na sikuiona! Lakini nilimwona akija uani kabla ya saa sita, gauni jeusi la uwakili amelikunja mkononi lisishike matope, kandambili zile zile, amri ya mahakama ndani ya mfuko wa nailoni, askari wawili nyuma yake. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya Bwana Mwavuli. Hakuongeza la kwake hata moja. Sauti haikutetemeka. Kisha akapita katikati ya vigoda mpaka kwangu, akachutama, akaweka kichwa chake kwenye goti langu lililolowa.

"Mama, ungetoka hapa Jumamosi, leo nisingekuwa na cha kuombea."

"Nisingefungua mdomo Ijumaa, nisingehitaji kuketi."

"Hilo nalo kweli," akasema. Huyo ndiye mwanangu, hapaki mafuta.

Ijumaa, 9 Mei

Bwana Mwavuli amechukua suruali. Nimekunja sawasawa, kazi ni kazi. Hatukusemezana. Nilitaka kusema. Nikauma uzi.

Jumapili, 18 Mei

Mvua inapungua. Nimejiandikisha Chamani. Penye "kazi" nimeandika: fundi cherehani. Bibi Kigoda amesoma, akasema, "Na kuzaa?" Nikamwambia aongeze mwenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

Hakimu ameamua. Bwana Mwavuli amejitoa kwenye kesi, na nyumba imeandikwa ya Mama Pacha na wanawe. Mume wangu amepanda kupigilia bati. Pacha wameacha kugombania kitanda, sasa wanagombania nani alikuwa jasiri zaidi.

Jumapili, 1 Juni

Jana ilikuwa sherehe. Wiki nzima mwanangu alinisumbua nimpe kigoda changu wakiweke ukumbini, kwenye meza ya maonyesho, kando ya vile vya waasisi. Nikakubali. Nilikisugua, nikakipaka mafuta. Kikaandikiwa kibao chake. Nguo nimeshona mpya, ya buluu, mabega yamesimama.

Asubuhi ile ile muuza mboga akaja mbio: mjane wa mtaa wa pili, mashemeji wamefika na gari la kubebea vyombo. Mwanangu alikuwa ameshatangulia ukumbini kupokea wageni. Nilitazama nguo yangu. Nikatazama kigoda. Nikakichukua. Tukaenda mimi, Mama Pacha na wengine, nikiwa na buluu yangu yote, tukaketi mpaka wakili mwenza wa mwanangu alipokuja kuzungumza nao na gari likaondoka tupu.

Nilifika ukumbini hotuba zimekwisha, matope mpaka magotini. Mapazia yangu yalikuwa yanapendeza kuliko kitu chochote mle ndani, nasema ukweli. Nilikuwa nyuma ya mlango nikijifuta miguu nilipoisikia sauti ya mwanangu. Amesimama na wageni wakubwa mbele ya meza ya maonyesho. Mmoja akauliza kwa nini pale pana kibao lakini hapana kitu.

"Hicho ni kigoda cha mama yangu," akasema. "Kimetoka kidogo, kiko kazini. Si kujisifu, lakini mama yangu ni fundi cherehani, anashona kuliko wote mjini, hata haya mapazia ni yake. Na masika haya ameketi chini ya paa lililoezuliwa, mvua inamwangukia, mpaka nyumba ikapona. Ukurasa wa mwisho wa historia yetu nimemwandika yeye. Akija nitawaonyesha, mtamjua tu, mtamsikia kabla hamjamwona."

Wakacheka. Bibi Kigoda, aliyekuwa ameshusha kigoda chake mezani na kukikalia, alikwisha kuniona. Akafungua mdomo aniite.

Nikaweka kidole midomoni mwangu kumnyamazisha. Nikarudi nyuma ya mlango, kigoda kifuani, nikatulia tuli, huenda akayasema tena.